Mlinzi wa Audax

Fimbo ya kwanza ilikuwa ya mama yake. Ndivyo ukoo huo ulivyozoea tangu enzi za babu zao: mtu akijaribu kujitoa roho akaokolewa, haingii ndani ya nyumba mpaka watu wa damu yake wamchape, kila mmoja fimbo yake, ili kifo kione haya kisirudi. Na mti uliohusika hukatwa siku hiyo hiyo na kuchomwa. Bibi Tecla alimchapa mwanawe begani, kidogo tu, kisha akaiacha fimbo ianguke, akaketi vumbini akalia.

Audax alikuwa amepiga magoti katikati ya uwanja wa nyumba yake, shati limechanika, macho mekundu. Majirani wa Mugoma walikuwa wamejaa mpaka kwenye njia. Waliitwa na yowe la Domisiana, mkewe, ambaye ndiye aliyemkuta na kumwokoa. Lakini Domisiana alipotaka kumsogelea mumewe ampe maji, shangazi mmoja alimshika mkono akamrudisha nyuma. Yeye hakuwa damu. Alikuwa wa kuja, ameolewa kutoka Kasulo, na katika jambo hili mke hana fimbo wala maji. Alisimama pembeni amemkumbatia mwanawe Priscila, amemfunika uso kwa khanga asione.

Baba wadogo walichapa, shangazi wakachapa. Zilikuwa fimbo za haya, zenye kelele kuliko maumivu, na wengine walifumba macho wakichapa. Mwisho akaja kaka mkubwa, Thobias, ambaye baba yao alipofariki ndiye aliyekalia kiti chake. Thobias alikuwa ametoka kuukata ule mti, jasho linamtiririka. Alichapa moja, ambayo ndiyo haki yake. Kisha akachapa tena, na tena, mgongoni, mikononi, kichwani, mpaka fimbo ikakatika, akaokota nyingine.

"Migomba yangu umekwisha kuiua," alisema kwa sauti ya chini, huku anachapa. "Sasa unataka kutuachia na kaburi. Kaburi nani atalilima, Audax? Nani atalilima?"

Hapo ndipo William, mwenyekiti wa kitongoji, alipomkamata mkono. Watu wawili wengine walilazimika kusaidia, maana Thobias alikuwa mtu wa kifua. Audax alikuwa amelala kifudifudi, damu inatoka sikioni.

Tuseme ukweli, Audax alikuwa na kosa. Mnyauko ulipoingia kwenye migomba yake aliuona kabla ya mtu yeyote. Majani yalianza kuwa ya njano, akakata ndizi moja akaona usaha wa manjano ndani, akajua. Hakusema. Aliogopa wanunuzi wa rubisi, pombe yake ya ndizi, wangemkimbia, akaikata ile michache usiku akadhani amemaliza. Kisha akaenda kwa kaka yake kumsaidia kupunguza majani, kama alivyofanya kila msimu, kwa sababu mkono wa Audax ulikuwa mwepesi kuliko wa wote. Kila mtu Ngara siku hizi anajua panga lazima lipite motoni kabla ya kuhama shamba, lisibebe ugonjwa. Kulipitisha panga lake motoni mbele ya kaka yake kungekuwa sawa na kukiri. Hakulipitisha. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio hiki kiliumbua ukoo mzima. Bwana shamba alikuja, akaamuru kila mgomba ung'olewe na kufukiwa, kwa Audax, kwa Thobias, mpaka ule mkongwe nyuma ya nyumba ya Bibi Tecla uliopandwa na marehemu mumewe.

Mtu wa Mugoma asiye na mgomba ananunua ndizi sokoni. Thobias alikwenda mara ya kwanza na gunia amelikunja chini ya koti. Mama mmoja aliyezoea kununua kwake ndiye aliyemuuzia, akampunguzia bei bila kuombwa, na wenzake wakatazama chini kwa huruma. Thobias angependa zaidi kama wangemcheka.

Moshi wa mti ulipopungua, William aliwaambia kinaganaga kwamba kujaribu kujiua ni kosa mbele ya sheria, na kwamba yeye kama mwenyekiti anapaswa kupeleka taarifa polisi. Aliwatazama, wakamtazama. Bibi Tecla alimshika miguu. Basi ikakubaliwa kwamba Audax ameanguka kutoka kwenye paa akitengeneza bati, na atakayesema vingine si mwenzao.

Domisiana ndiye aliyesema vingine. Asubuhi alimwachia Bibi Tecla mtoto, akatembea mpaka kituo cha afya, akauliza kama kuna dawa ya mtu aliyechoka kuishi.

*

Muuguzi aliyempokea aliitwa Jovitha, binti wa Nyakahura kule Biharamulo, mwenye sauti ya haraka na viatu visafi. Ndiye aliyeshughulikia afya ya akili pale kituoni, na alikuwa amerudi juzi tu kutoka kwenye semina ya wiki nzima kuhusu stadi za kuzuia watu wasijiue. Semina ilikuwa nzuri. Chai ilikuwa na maandazi, posho ililipwa, jambo ambalo si la kila semina, na mambo yaliyofundishwa yalikuwa ya kweli. Muulize mtu waziwazi kama anafikiria kujiua, usizunguke. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Ondoa vitu vya hatari karibu naye. Usimwache peke yake. Mwulize ni nani anayemwamini, na huyo umpe kazi ya kuwa naye. Walifanya mazoezi wawili wawili, mmoja mgonjwa, mmoja muuguzi, kwenye chumba chenye feni. Hakuna aliyeigiza kaka mkubwa.

Jovitha hakupuuza. Alimpakia Domisiana nyuma ya pikipiki ya kituo, akaenda siku hiyo hiyo, na kwa hilo anastahili sifa. Alipofika alikuta wazee wameketi kwenye viti vilivyokusanywa nyumba zote, Thobias katikati, na Audax kwenye kigoda mbele yao, uso umevimba. Aliamkia, shikamoo kwa mzunguko mzima, akaletewa kiti. Alisema kwamba angependa kuzungumza na mgonjwa. Thobias akamwambia azungumze tu, wote hapa ni familia.

Jovitha alisita kidogo. Semina ilisema faragha. Lakini kumwambia mzee atoke kwenye uwanja wa mdogo wake ni jambo zito, na yeye alikuwa mgeni, msichana, tena anatoka wilaya nyingine. Aliona afadhali kupata nusu kuliko kukosa yote.

"Audax," alisema, "je, bado unafikiria kujiua?"

Shangazi mmoja akafanya ishara ya msalaba. Audax aliangalia miguu ya kaka yake.

"Hapana. Alikuwa shetani tu, amekwisha kwenda."

"Nani unayemwamini kuliko wote? Mtu ambaye ungependa awe karibu nawe siku hizi, hata ukijisikia vibaya."

Domisiana alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Audax alimtazama kwa haraka, kisha macho yakarudi kwenye ile miguu. Wazee wote walikuwa wanasubiri jibu ambalo tayari walikuwa nalo.

"Kaka," alisema Audax.

Jovitha akafurahi kweli. Alimgeukia Thobias akamweleza kwa utulivu, kama alivyofundishwa, kwamba kuanzia sasa yeye ndiye mlinzi wa mdogo wake. Kamba, panga, dawa za shambani, vyote viondoke. Asimwache peke yake hata kidogo, mchana wala usiku. Yeye angerudi wiki ijayo. Thobias alisikiliza kila neno akiwa ameinamisha kichwa, na mwisho akaahidi, na aliahidi kwa moyo wake wote. Hapo ndipo palipo na uchungu wa habari hii.

*

Nyumba ya Thobias ilikuwa ng'ambo ya njia, na nyuma yake lilikuwepo ghala la kahawa, la matofali, lenye kidirisha kimoja cha nondo. Kahawa ya msimu ilikuwa imekwisha kuuzwa. Thobias alilifagia, akatandika mkeka, akaweka ndoo kwenye kona. Kisha akachukua mnyororo wa kufungia baiskeli na kufuli lake, akamfunga Audax kifundo cha mguu kwenye nguzo ya kati. Aliuvuta mara mbili kuhakikisha.

Audax hakubishana. Aliuliza tu kama Priscila anaweza kuja kumwona.

Thobias alijibu kwamba muuguzi hakusema habari za Priscila.

Na huo ndio ukawa wimbo wake. Muuguzi amesema asiachwe peke yake, basi Thobias alilala mlangoni kwa ndani, mgongo umeegemea ubao. Muuguzi amesema panga liwe mbali, basi Audax alipotolewa kwenda kung'oa visiki vya migomba, aliving'oa kwa mikono na mti uliochongwa, Thobias nyuma yake na fimbo. Wapita njia wa kwenda sokoni walisimama kuangalia. Audax akitulia kupumua, fimbo. Akilia, fimbo mbili, kwa kuwa kulia ni dalili, na dalili lazima ifukuzwe mapema. Hofu ya wanaume wa aina ya Thobias hutokea mikononi, haijui njia nyingine.

Nice, mke wa Thobias, ndiye aliyepika. Alipitisha sahani kwenye nondo za kidirisha, bila kijiko, maana mumewe alikikataza akisema nacho ni chuma. Kwa hiyo Audax, mtu mzima mwenye mtoto wa shule, alikula maharage kwa vidole gizani, na mchuzi ulimwagika kwenye suruali ambayo hakuwa na nyingine. Nice aliona. Jioni aliwaambia wenzake kisimani kwamba shemeji yake amekuwa kama mtoto mchanga, wakacheka, halafu mmoja akaacha kucheka, na wengine wakainua ndoo zao.

Domisiana alikuja kila siku na kikapu, na kila siku alirudishwa. Mara ya kwanza alirudishwa kwa maneno. Thobias alimwambia kwamba Audax aliulizwa mbele ya watu anamtaka nani, na hakumtaja yeye, sasa anatafuta nini. Neno hilo lilimwingia Domisiana kuliko alivyoonyesha. Usiku alilala akiliwaza. Miaka yote ile ya kulala kitanda kimoja, mume ameulizwa anamwamini nani, na jicho likampita.

Lakini mwanamke yule hakuwa wa kukaa na neno moja. Siku moja mwishoni mwa wiki alikwenda akapita pembeni ya Nice, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kidirisha, akamwita mumewe. Audax akaitika. Sauti yake ilikuwa imekwisha, kama ya mtu aliyetoka msibani.

"Domisiana, nitoe humu," alisema. "Humu ndimo nitakapofia."

Thobias alimfikia kabla hajajibu. Alimvuta kwa khanga, akaanguka, akainuka, akashika nondo kwa mikono miwili akasema haondoki mpaka mlango ufunguliwe, na kama haufunguliwi anakwenda polisi. Thobias alimwambia aende. Polisi watamchukua Audax wamfunge kwa kosa lake, na yeye abaki mjane wa mtu aliye hai. Domisiana akamtemea mate. Thobias akampiga ngumi ya mdomo, ngumi ya mwanaume kwa mwanaume, na meno mawili ya mbele yakatoka. Aliendelea kushika nondo. Akampiga tena mkononi kwa fimbo mpaka vidole vikaachia.

Ndani, Audax alikuwa anauvuta mnyororo kwa nguvu zake zote. Ngozi ya kifundo ilichanika, nyama ikaonekana, naye hakuacha. Alikuwa analia kwa sauti isiyo na maneno. Bibi Tecla alisikia kutoka nyumbani kwake, akamziba Priscila masikio, akaanza kusali rozari kwa sauti ya juu ili yeye mwenyewe asisikie.

*

Jovitha alimsafisha Domisiana mdomo. Aliziba pale penye meno kwa pamba, akamfunga vidole viwili vilivyovunjika, akamuuliza ni nani aliyempiga. Domisiana akasema ni mlinzi. Hakusema kwa kejeli. Ndivyo watu wote pale walivyokuwa wanamwita Thobias sasa, mlinzi wa Audax, kwa amri ya nesi.

"Anasema wewe ndiye uliyeagiza," Domisiana alisema kupitia ile pamba. "Asiachwe hata kidogo. Amemfunga mnyororo."

Jovitha aliketi. Mwanzo alitaka kujitetea, na ulimi ulikuwa tayari: mgonjwa alisema mwenyewe, alitamka kwa kinywa chake. Kisha akamkumbuka mdogo wake wa kiume wa tumbo moja kule Nyakahura, akajiuliza kama kijana yule angewekwa kwenye kigoda mbele ya baba wakubwa na kuulizwa anamwamini nani, angethubutu kusema jina la mkewe. Asingethubutu. Hakuna mwanaume wa kwao angethubutu, wala wa huku. Alilijua hilo tangu utotoni, halikuhitaji semina. Alilijua, na aliuliza vilevile, kwa sababu alitaka amalize kazi bila kumuudhi mzee yeyote.

Akamwambia Domisiana hivyo hivyo, kwamba kosa ni lake, kwamba alimuuliza mumewe swali sahihi mahali pabaya, na jibu lile halikuwa jibu.

Domisiana aliinua uso. "Kwa hiyo hakunikataa," alisema.

"Hakukukataa. Alikutazama kwanza. Mimi nilikuona ukitazamwa, nikaendelea."

Walimpitia William. Mwenyekiti hakupenda, alitaka kwanza kikao cha wazee, lakini alipouona mdomo wa Domisiana alivaa koti.

*

Thobias alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha ghala, mchana wa jua kali, fimbo magotini. Alikuwa amekonda. Ndevu zilikuwa zimeota bila mpango, na macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala. Aliwaona wakija, akasimama, akaweka mgongo mlangoni.

Jovitha alimsalimu, akamwambia amekuja kumchukua Audax. Ampeleke hospitali, akatibiwe na kupumzika.

"Ulinipa kazi," Thobias alisema. "Naifanya. Mbona bado yuko hai?"

"Niliikosea kazi hiyo, mzee. Naomba unisamehe. Niliuliza vibaya. Naomba ufunguo."

Thobias alitikisa kichwa. Alisema akimtoa huyu atakufa. Akifa, ukoo utasema ni yeye aliyemfungulia. Jovitha alinyoosha mkono kuelekea kufuli. Hakukusudia kumgusa mtu. Fimbo ilishuka kwenye mkono wake na mfupa ukalia, kila mtu aliusikia, hata Nice aliyekuwa jikoni.

Kilichofuata kilikwenda haraka. William alimrukia Thobias kiunoni, wote wakaanguka. Vijana waliokuwa wanapita na baiskeli wakaziacha njiani. Kupigana kwa ndugu ni jambo la ndugu, lakini kumvunja mkono muuguzi wa serikali ni kukiletea kitongoji kizima balaa, na watu ambao wiki nzima walipita wakaona mtu anang'oa visiki kwa mikono wakanyamaza, sasa walipata ujasiri wote kwa pamoja. Walimpiga Thobias. Walimpiga mateke ya mbavu, wakampiga kwa fimbo yake mwenyewe, mtu mmoja aliokota tofali. Mwenyekiti alikuwa anapiga kelele waache na hapo hapo naye anapiga. Nice alijirusha juu ya mumewe akapigwa mgongoni.

"Mwacheni," Jovitha alisema. Hawakumsikia. Akapita katikati yao ameushika ule mkono uliovunjika, akasimama juu ya Thobias na Nice, akamtazama mwenye tofali. "Piga na huu mwingine basi."

Tofali likashuka. Walirudi nyuma wakihema.

William alitoa funguo mfukoni mwa Thobias, akafungua mlango, akafungua na mnyororo. Ghala lilinuka. Jovitha alimzuia Domisiana mlangoni kwa upole, akamwomba dakika chache, akaingia peke yake na kuurudishia mlango. Aliketi chini kwenye sakafu, kwa sababu hapakuwa na kiti na kwa sababu mguu wa Audax ulikuwa pale pale, umechanika na kuvimba kifundoni.

Alimuuliza swali lile lile. Safari hii Audax alimwangalia usoni.

"Ndiyo," alisema. "Kila siku. Zaidi tangu niwekwe humu."

Jovitha hakuruka, hakumkemea, hakumwambia kujiua ni dhambi. Alisema asante kwa kuniambia. Alimuuliza siku ile ilikuwaje moyoni, na Audax akasimulia polepole, kwamba alidhani watu watapumzika akiondoka, na alipofikia pale pa kutorudi alijuta papo hapo, akatamani Domisiana amsikie, na Domisiana akamsikia. Alilia sana aliposema hivyo. Jovitha akamwacha alie. Kisha akamuuliza anamtaka nani.

"Mke wangu."

"Tunaondoka pamoja naye sasa hivi. Hospitali wapo watu wa kukutibu mguu, na wapo wa kuzungumza nawe kama hivi, na mimi nitakuwepo."

Audax alijifuta uso kwa mkono wenye udongo. Hakuinuka.

"Nesi, na kaka je?"

Jovitha alidhani anauliza kama Thobias atashtakiwa. Alianza kujibu kwamba hayo ni ya mwenyekiti.

"Siyo hayo," Audax alisema. "Usiku anapolala pale mlangoni, halali. Anafikiri nimelala. Jana akaniuliza kama mtu akishaamua, moyo unatulia. Nikamwambia hautulii, kaka, ni uongo, mimi nilijuta. Hakujibu. Nikamuuliza kwa nini unaniuliza, akanipiga." Alipunguza sauti. "Baba hakufa kwa tumbo kama tunavyowaambia watu, alijiua. Kaka ndiye aliyemkuta, akiwa bado kijana. Mama alituapisha tusiseme."

Jovitha alibaki pale sakafuni. Mkono ulikuwa unamuuma mpaka kwenye meno. Alimfikiria Thobias kule nje, jinsi alivyoinamisha kichwa akipokea maagizo, na jinsi yeye alivyoona ni utii.

Alitoka nje. Watu walikuwa wamemketisha Thobias kwenye ukuta, wawili wamemshika, damu inatoka puani, na mtu mmoja alikuwa amekwisha kupiga simu polisi. Jovitha aliwaambia wote watoke uwanjani. Walibisha. William alisema huyu ni hatari, hawezi kuachwa naye. Jovitha akawaambia kwa mara ya pili, na safari hii hakuomba, akawaonyesha mmoja mmoja mpaka wa mwisho, mzee na kijana, watoke wavuke njia. Wazee walimwangalia kwa kinyongo kikubwa. Wakatoka.

Aliketi ukutani karibu na mtu aliyemvunja mkono. Thobias alikuwa anaangalia mashimo ya visiki.

"Mzee Thobias," alisema Jovitha. "Hakuna anayetusikia. Je, wewe unafikiria kujiua?"

Thobias alijiziba mdomo kwa mkono, akauondoa.

"Tangu nilipokata mgomba wa baba," alisema. Kisha akalia, mtu yule wa kifua, akalia kama wanavyolia watu wasiowahi kulia, vibaya, kwa kukoroma. Jovitha alimwekea mkono usiovunjika mgongoni. Alisubiri mpaka alipoweza kusikia, akamuuliza anamwamini nani, mtu ambaye angependa awe karibu naye.

Thobias aliangalia mlango wa ghala.

"Audax," alisema. "Lakini hawezi kukubali. Hata mimi nisingekubali."

Jovitha alikwenda mpaka mlangoni, ambako Domisiana alikuwa amekwisha kuingia na anamfunga mumewe mguu kwa kipande cha khanga, akawaambia alichoambiwa, bila kuongeza. Domisiana hakuinua kichwa. Alisema yeye meno yake hayarudi, na hatakaa chumba kimoja na mtu yule, asiombwe. Alikaza kile kitambaa. Lakini hakumkataza mumewe.

Audax alisimama kwa kumshika mkewe bega. Mguu ulikataa, akaulazimisha. Alifika kizingitini, akaona mwanga, akafumba macho, akayafumbua, akamwona kaka yake amekunjamana ukutani.

"Nitakaa naye," alisema. "Lakini hapa nje."